Wakili Aliyenitaka Nifungue Ukurasa wa Pili

Kinoo,
Jumamosi alasiri.

Mpendwa Nyambura, mwanangu na mama yangu,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana. Hujambo? Umelalaje huko? Kichwa kimeacha kuuma baada ya kusukwa? Najua ni kichekesho nikuulize habari za afya, na leo asubuhi tumekunywa chai meza moja, ukalimaliza andazi langu nilipogeuka kufungua mlango. Lakini barua hii utaisoma kesho ukiwa Kileleshwa, na mimi tayari nahesabu kwamba mtu aliye Kileleshwa yuko mbali nami. Sisi huku tu wazima. Mama yako ameenda mazoezi ya kwaya, wewe uko saluni pale steji, na mimi nimekaa kwenye kile kiti cha kwanza nilichotengeneza maishani, kile unachosema kinachoma watu. Ni kweli kinachoma. Misumari niliipiga vibaya. Lakini sikitupi.

Sitakuambia uamke mapema, uoshe vyombo, usiache taa ikiwaka. Mama yako ameyasema hayo tangu Jumatano, na aliyoyasahau anayatuma kwa simu hata sasa. Mimi nina jambo moja tu, nalo siwezi kulisema nikikutazama usoni, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Ungekuwa unaenda ng'ambo, ningekuwa baba kama baba wengine. Kanisa lingekuombea, tungepiga picha uwanja wa ndege, ningelia kidogo na watu wangenishika bega. Lakini wewe unaenda kwa Kariuki, baba yako mdogo. Ni mwendo ambao naweza kuutembea kwa miguu nikitoka mapema. Na ndiyo maana inaniuma. Nina wivu, Mama. Nimeliandika, na sasa siwezi kulifuta kwa sababu natumia kalamu ya wino.

Unajua vizuri kwamba Jumatatu saa tatu asubuhi una miadi na wakili kuhusu ile kliniki iliyokufukuza kwa ujumbe wa simu na kukuita mwizi wa dawa. Na unajua miadi hiyo niliiweka mimi, kwa Wakili Mkubwa, yule wangu wa kesi ya shamba, na nikakufanya uniahidi mbele ya mama yako kwamba hutamfuata wakili wa Kariuki. Uliniahidi huku umeangalia sahani. Nataka nikueleze ahadi hiyo niliitaka kwa nini, halafu utaamua mwenyewe.

Kariuki ni mdogo wangu kwa miaka mitatu. Mimi niliishia darasa la nane, yeye akafika chuo kikuu. Umesikia nikisema kanisani kwamba nilijitoa ili mdogo wangu asome. Watu huitikia "Bwana asifiwe", na wewe ukiwa mtoto ulikuwa unaniangalia kama shujaa. Si kweli. Mimi nilianguka mtihani, yeye akapita. Hakuna aliyejitoa. Hilo ndilo la kwanza ninalokuungamia, na bado ni dogo.

Alipojenga jina lake na kuhamia Kileleshwa, alinunua viti vya sebuleni kwenye duka kubwa, vile vyeupe vilivyokuja kwenye meli. Mimi ndugu yake naketi Ngong Road, karibu na Adams Arcade, natengeneza sofa kando ya barabara, nyundo mkononi toka Jumatatu hadi Jumamosi, na ndugu yangu anakaa kwenye viti vya watu nisiowajua. Nilivikalia mara moja tu. Nilipapasa mshono kwa chini, nikakuta gundi. Gundi! Nilifurahi wiki nzima.

Kitu kimoja tu nilichokuwa nacho, ambacho yeye hana, ni wewe. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Kariuki Mungu alimpa wavulana watatu, kwa hiyo jina la mama yetu liliangukia nyumbani kwangu. Nikikuita Mama, si mzaha, namwita aliyenizaa. Na yeye naye hukuita hivyo hivyo. Nikimsikia kwenye simu, "Mama, uko salama? Mama, umekula?", natoka nje. Nasema moyoni, huyu ana kila kitu, sasa anataka hata huyu. Na sasa wavulana wake wameondoka, chumba kiko wazi, mkewe amekupatia kazi ya muda katika ofisi ya ile shule ya watoto, na wewe unafunga mizigo ukiimba. Unaimba, Mama. Ungeweza angalau kufunga mizigo kimya.

Sasa nikupeleke kwenye ile kesi ya shamba, kwa sababu umeisikia tangu ukiwa shule ya msingi, lakini hujawahi kuisikia kutoka kwangu.

Babu yako alipofariki, hapa Kinoo palibaki kwa jina lake, hii nyumba, miti ya parachichi, na kile kipande kinachotazama Waiyaki Way. Kariuki ndiye aliyejishughulisha. Alipata barua ya chifu, akapata wakili wa mirathi, mama mmoja anaitwa Nasreen, mwenye ofisi mjini juu ya duka la sare za shule. Korti haigawi mali ya marehemu mpaka watu wa nyumba watie sahihi kwamba wamekubaliana. Kwa hiyo Kariuki aliniletea karatasi, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina yetu. La kwanza la mama yetu, la pili la Kariuki, la tatu langu. Mimi kifungua mimba, la tatu! Sikufungua ukurasa wa pili. Nilivaa suti ya harusi yangu, nikaenda mjini kumkabili huyo wakili.

Ghorofa ya nne, hakuna lifti. Pale pa kungojea palikuwa na benchi ya ngozi ya plastiki, imechanika katikati, sponji ya manjano imetoka nje kama ulimi. Nikajiambia, mtu anayeshindwa na benchi atashika shamba la watu? Nikakataa kukaa, nikasimama na suti yangu.

Nasreen alitoka mwenyewe kuniita. Mama wa makamo kama mimi sasa, mtandio kichwani, familia yao wamefanya biashara mjini tangu enzi za babu yake, na Kiswahili chake ni cha mtu aliyekulia dukani, hakizunguki.

"Mzee, umesoma karatasi?"

"Nimesoma."

"Yote?"

"Nimeona jina langu ni la tatu."

Akavua miwani. "La kwanza ni mama yenu. La pili ni aliyeleta kesi. Hii ni orodha, si foleni ya chakula."

"Mimi ndiye mkubwa."

"Ukubwa wako uko palepale. Karatasi haiwezi kukupunguza. Fungua ukurasa wa pili."

"Sifungui."

Nilidhani atanibembeleza. Hakunibembeleza. Akarudisha karatasi kwenye bahasha, akanisukumia. "Sawa. Basi nisikilize vizuri, usije ukasema hukuambiwa. Mimi ni wakili wa ndugu yako, si wako. Usichukue neno langu. Tafuta wa kwako, na utafute anayefanya mirathi kila siku, akusomee mstari kwa mstari. Akiona umeonewa, aniandikie barua, tutaongea. Lakini kwa macho yangu hapa hakuna vita. Hapa kuna sahihi tu."

Mama, mtu akikuambia hakuna vita na wewe umeshavaa suti, unamchukia. Niliteremka zile ngazi nikinung'unika kwamba wamepanga pamoja, na kumbe yule mama alikuwa ndiye wa kwanza kuniambia nitafute mtu wa kunilinda. Ni wakili gani mwizi anayekuambia peleka kazi yangu kwa mwingine aikague? Hilo swali nilijiuliza miaka mingi baadaye. Siku ile nilijiuliza moja tu: nitapata wapi wakili mkubwa kuliko wa Kariuki?

Soma tena hapo. Sikuuliza nitapata wapi wakili anayejua mirathi. Niliuliza nani mkubwa kuliko wake.

Nilikuwa nimemwona Wakili Mkubwa kwenye taarifa ya habari, amesimama kwenye ngazi za korti, vipaza sauti vimemzunguka kama nyuki. Nikamtafuta. Ofisi yake ina vioo, ina msichana wa mapokezi anayenong'ona, na ina sofa. Mama, ile sofa! Ngozi halisi, mshono wa mara mbili, mikono imejazwa vizuri haibonyei. Msichana alipoingia ndani niliinama nikapapasa chini. Mbao ngumu, viungo vimekaa, hakuna msumari hata mmoja uliochungulia. Nikasema, mtu anayekalisha wateja wake hivi anajua kazi.

Unanijua mimi. Mteja akija kazini kwangu akapenda rangi ya kitambaa, mimi ndiye humwambia, kipindue hicho kiti kwanza, uone kimebebwa na nini. Siku ile nilipindua sofa. Wakili sikumpindua.

Hakuniuliza karatasi. Aliniuliza, "Ndugu yako anafanya kazi wapi?" Nikamwambia. Akacheka, akajinyoosha. "Huyo tutamfinya mpaka alie. Wewe nenda nyumbani ukapumzike." Nilitoka pale nimelewa bila kunywa. Hakuna aliyewahi kuniahidi kwamba Kariuki atalia. Nilitembea kutoka mjini hadi Westlands sijui nimefikaje.

Nilimwona mara hiyo moja, na mara nyingine kwenye runinga. Faili yangu alipewa karani, kijana mpole sana, kila nikipiga simu ananiambia, "Mzee, tuko kwa hiyo maneno," yaani wanalishughulikia. Kortini alikuwa anatumwa kijana tofauti kila mara, hajui jina langu, anauliza kwenye varanda, "Wewe ndiye wa ajali?" Anaingia, anaomba tarehe nyingine, anatoka. Kesi imetajwa. Kesi itatajwa. Nilikuja kujua kwamba kazi ya kila siku ya Wakili Mkubwa ni kuwatetea watu wa jinai. Nasikia anaiweza sana, na simlaumu, mtu aliyeshtakiwa akimpata ana bahati. Lakini mimi sikuwa nimeshtakiwa, wala Kariuki hakuwa ameniibia. Nilimchukua mtu wa kupigana nikampeleka mahali palipohitaji mtu wa kusoma.

Na nilimwingiza Mungu humo. Maombi ya Jumatano nilisimama, nikaomba kanisa liombe haki itendeke kwenye familia yetu. Watu wakafunga macho, wakasema amina kwa nguvu. Kumbe mimi kila nikifumba macho naona Kariuki akilia kortini na suti yake ya bei. Watu wa Mungu waliusaidia wivu wangu kupiga magoti, na hawakujua.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hata mama yako hajui. Nimeweka kalamu chini mara mbili kabla ya mstari huu.

Kila Krismasi Kariuki alikuwa anatuma mfuko wa zawadi za nyumba, na ndani yake bahasha ile ile, karatasi mpya, tarehe imebadilishwa. Wewe ndiye ulikuwa unanipa. "Baba, hii ni yako." Nilikuwa nazipeleka kazini bila kusoma, nachora nyuma yake vipimo vya mikono ya viti. Mwaka wa tatu wa kesi, siku moja ya mvua hakuna mteja, nilikuwa nakata kipimo, na ukurasa wa pili ukabaki mezani ukinitazama. Nikasoma.

Ardhi ilikuwa imegawiwa nusu kwa nusu, na mama yetu abaki na nyumba maisha yake yote. Lakini kile kipande kinachotazama barabara, ambacho kila mtu hapa Kinoo anakitamani, kiliandikwa jina langu. Kariuki alichukua upande wa nyuma, kwenye mteremko. Na kulikuwa na mstari mmoja nitaukumbuka mpaka nife: kipande cha barabarani kiende kwa ndugu mkubwa, kwa kuwa kazi yake ya fanicha inahitaji kuonekana na wapita njia.

Alikuwa amefikiria viti vyangu, Mama. Yeye mwenye viti vya gundi.

Unadhani nilikimbia kumshukuru? Nilikasirika kuliko mwanzo. Angekuwa ameniibia, ningemsamehe, nina hakika, ningesimama kanisani nimsamehe kwa sauti kubwa. Lakini kwamba ananishinda masomo, ananishinda nyumba, halafu ananishinda na wema pia, hilo sikuliweza. Nikaikunja karatasi, nikaitia ndani ya kiti nilichokuwa natengeneza, nikafunika na sponji, nikapigilia kitambaa. Kiti kile kiliuzwa. Mtu fulani amekalia ukurasa wa pili huko Kawangware au Karen, hajui.

Nikaendelea na kesi miaka mingine sita. Huku najua.

Shosho, nyanya yako, alikuwa ananiuliza kila Jumapili baada ya ibada, "Taito imetoka?" Alitaka tu aishike hiyo hati ya shamba mkononi, aone jina la mumewe limefika kwa watoto salama. Mimi namjibu, "Bado, mama, korti ni polepole." Jumapili ya mwisho ya maisha yake hakuuliza taito. Nilimletea uji, akaushika mkono wangu akauliza, "Mmeongea?" Nikamwambia tumeongea. Nilimdanganya mama yangu, na Alhamisi yake akalala. Kwenye mazishi nilisimama upande mmoja wa kaburi, Kariuki upande mwingine, na wewe mwenye jina lake ulikuwa katikati, hujui umshike nani. Ulimshika yeye. Nililia, na watu walidhani namlilia mama peke yake.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita, uliposema pale mezani Kariuki amekupeleka kwa Nasreen, ulisikia kijiko changu kikianguka.

"Baba, yule mama ni poa tu," ulisema. "Aliniambia kesi ya kazi si kazi yake, eti akishika yangu ataniharibia. Amenipa jina la kijana wa ghorofa ya pili hapo hapo kwao, anafanya kesi za watu waliofukuzwa kazi, hizo tu."

"Hapana," nikasema. "Mimi nimekupatia Wakili Mkubwa."

"Baba, yule ambaye..."

"Mtoto wangu hatembezwi na wakili wa Kariuki."

Mama yako akaweka bakuli chini. "Baba Nyambura, hivi ni kesi ya mtoto ama ni kesi yako?"

"Wewe hujui."

"Najua. Tangu unioe najua. Unafikiri yeye hakuonei wivu? Mtu ana wavulana watatu na hakuna hata mmoja aliyebeba jina la mama yake. Na hata vile viti vyake unavyovisema kila siku, alikuja kwako kwanza kuagiza. Mimi nilikuwa pale nimekuletea chakula. Ulimwambia una kazi nyingi, aende madukani."

Wewe ukacheka, ukasema, "Baba, kumbe! Umechomwa!" Nikaondoka mezani. Na ndipo jioni yake nikakutaka ile ahadi, kwa sababu nilikuwa nimeaibika.

Lakini wiki nzima nikipiga nyundo nasikia yale maneno ya Nasreen uliyoleta. Si kazi yangu, nitaiharibu. Wakili wangu miaka tisa hakuwahi kusema hivyo. Mimi mwenyewe mtu akiniletea mlango wa kutengeneza nampeleka kwa fulani wa milango, na hilo ndilo linalowafanya wateja wangu waniamini. Yule mama alikuwa fundi. Nilikuwa nimesimama mbele ya fundi mwenzangu nikaangalia benchi yake.

Basi nakuachilia ahadi, Mama. Nimeshapiga simu, yule karani mpole amefuta jina lako. Jumatatu, saa ile ile ya tatu, nenda ghorofa ya pili kwa yule kijana. Usimpende kwa sababu ni wa baba yako mdogo, wala usimkatae kwa hilo. Mpindue. Muulize ni watu wangapi wa kufukuzwa kwa simu amewahi kuwasimamia, na ni yeye mwenyewe atakayesimama kortini au atatuma mtu wa kukuuliza jina lako kwenye varanda. Muulize kesi yako ina ubovu gani. Akikuambia haina ubovu wowote, chukua mkoba wako utoke. Akikuahidi kwamba mwenye kliniki atalia, toka mbio, hata kama ahadi hiyo inaingia tamu moyoni, hasa ikiingia tamu. Wewe unataka jina lako lisafishwe ili uajiriwe tena. Kulia kwa mtu hakuwezi kukuandikia barua ya kazi.

Na usimfiche lile la funguo. Najua uliwahi kumwachia mwenzako funguo za stoo ya dawa ukaenda kuchukua chakula. Uliniambia mimi ukilia, hukuwaambia wao. Mwambie wakili hilo kabla ya yote, ukiwa bado hujaketi vizuri. Mimi wangu nilimficha kwamba nimesoma ukurasa wa pili, na mtu hawezi kukusimamia vizuri kwa jambo ambalo wewe mwenyewe umelipigilia kitambaa juu.

Kuna jambo moja limebaki, na hapa ndipo nakuomba. Krismasi iliyopita bahasha ilikuja tena. Shosho hayupo sasa, kwa hiyo karatasi ni mpya, nayo nimeisoma yote, na kipande cha barabarani bado kina jina langu. Miaka tisa, na hajakibadilisha. Siwezi kuitia sahihi hapa nyumbani nikakupa uibebe, lazima nitie mbele ya wakili anayeruhusiwa kushuhudia. Na nimeamua kwanza nitafute wa kwangu wa mirathi anisomee, vile yule mama alivyonishauri nikakataa. Nimempata mmoja, ofisi yake iko mtaa huo huo, ataniona Jumatatu saa mbili. Akisema iko sawa, nitapanda zile ngazi hadi ghorofa ya nne, na nikishatia sahihi nitateremka hadi ya pili, nikae nje nikungoje.

Nitabeba kipande cha sponji na ngozi. Ile benchi nimeiona usingizini miaka tisa.

Kariuki akiwa amekuleta kwa gari lake, sijui nitafanya nini nikimwona. Nimeomba Mungu anipe neno la kwanza, kwa sababu langu mwenyewe linaweza kuwa habari za viti. Bado nina wivu, nisikudanganye. Ninapoandika hapa nimesikia lango, nikadhani ni gari lake limekuja kukuchukua mapema, nikasimama nimekunja ngumi. Kumbe ni upepo. Sidhani utanitoka. Naomba tu huo wivu uache kunichagulia mawakili.

Na kama ni lazima akuite Mama, basi akuite, alikuwa mama yake pia. Lakini usimwitikie upesi kama unavyoniitikia mimi.

Sitaki nije kama wewe hunitaki pale. Ni siku yako, si yangu, na nimeshakuharibia ya kutosha. Kwa hiyo ukimaliza kusoma nitumie neno moja tu, nije au nisije. Mungu akutangulie.

Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumatatu asubuhi.

Ni mimi baba yako.